Dar hadi Liuli na kurudi: siku kumi na Himalayan niliyoifunga vyuma mwenyewe

Nilirudi nyumbani Jumatatu, Juni 23, 2025. Daftari langu limevimba kwa umande wa Kitulo, risiti za mafuta zimefutika nusu, na simu ina picha mia tatu na ushee. Nimekaa navyo jioni tatu mfululizo nikaipanga safari upya, siku kwa siku, kwa ajili ya mwenye pikipiki ya saizi ya kati anayejiuliza afunge nini na aache nini kabla hajaelekea kusini.

Pikipiki yenyewe ni Royal Enfield Himalayan 411, niliyoinunua mkononi. Silinda moja, inapozwa kwa hewa na oili, nguvu ya farasi 24 na kidogo, tenki la lita 15, rimu ya mbele inchi 21 na ya nyuma inchi 17, tairi za tyubu. Ina kilo 199 kabla hujaweka hata kanga. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiifunga vitu: bamba la alumini chini ya injini, kinga za mikono, tairi zenye meno, springi ngumu zaidi nyuma, taa mbili za ziada, vyuma vya kunyanyulia usukani ili niweze kuendesha nimesimama, na fremu ya mabomba pembeni iliyobeba masanduku mawili ya alumini. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, nilipunguza jino moja, kutoka 15 hadi 14. Kila kitu nilikipenda kilipokuwa kimesimama kwenye maegesho. Safari hii ndiyo iliyonionyesha kipi kina kazi.

Siku ya 1, Jumamosi Juni 14: Dar – Iringa

Nilitoka saa kumi na moja alfajiri ili niipite Kibaha kabla malori hayajajaa. Chalinze chai na chapati mbili, Morogoro mafuta. Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi, kuna matuta na mabango ya faini kwa anayegonga mnyama. Punguza mwendo kweli. Nilisimama dakika ishirini nikisubiri tembo watano wavuke, na mtu wa pikipiki hana mlango wa kufunga.

Baada ya Ruaha Mbuyuni mibuyu inaisha na mlima Kitonga unaanza. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kila moja linakupulizia moshi usoni. Hapa ndipo niliposhukuru lile jino moja la sproketi. Gia ya tatu ilivuta bila kulalamika pale ambapo zamani ningeshuka hadi ya pili. Gharama yake ni kwamba kwenye lami iliyonyooka injini inalia zaidi kidogo, na juu ya kilomita 90 kwa saa mtetemo unahamia miguuni. Kwa njia za huku, naona ni biashara nzuri.

Iringa gesti 30,000, maji ya moto yapo. Wali kuku 7,000.

*Kwa atakayefuata:* vijiji vya barabara hii ni vingi na mwendo ni 50. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo, hata Jumapili. Leseni iwe na daraja A, bima iwe hai, na uvibebe mfuko wa karibu, siyo chini ya sanduku.

Siku ya 2, Jumapili Juni 15: Iringa – Chimala – Matamba

Mafinga, Makambako, Igawa: lami, upepo wa ubavuni, misonobari, hakuna cha kusimulia.

Chimala ndipo nilipoiacha barabara kuu nikageuka kushoto kuukabili mlima. Njia ya kupanda Matamba watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ni changarawe, na kona zenyewe ni za kujikunja kabisa. Unafika ukingoni, unageuza usukani hadi mwisho, unaiona barabara uliyotoka iko chini ya kiatu chako.

Kona ya nne au ya tano ya kushoto, injini ikapandisha mzunguko yenyewe. Sikuwa nimezungusha mkono. Nikabana klachi, nikanyoosha usukani, ikatulia. Kona iliyofuata ya kushoto, vilevile. Kwenye kona ya kushoto iliyojikunja, juu ya changarawe, injini ikiongeza nguvu wakati wewe unataka ipungue, tairi la nyuma linasukuma kuelekea bondeni. Nilisimama kwenye kona pana, nikaegemeza pikipiki kwenye stendi ya katikati, nikawasha injini na kuzungusha usukani taratibu huku nikitazama. Jibu lilikuwa mbele ya macho: vyuma vya kunyanyulia vilikuwa vimeupandisha usukani kiasi kwamba waya wa akseleta haukutosha tena. Ukigeuza kushoto hadi mwisho, waya unavutika, nao unafungua mafuta. Mjini sikuwahi kuugeuza usukani hadi mwisho injini ikiwa na mzigo, kwa hiyo kwa miezi minane sikujua.

Nilitoa vyuma vile palepale. Bolti nne, dakika arobaini, bolti zilezile za zamani nilikuwa nazo kwenye mfuko wa spana. Bodaboda mmoja aliyekuwa anashusha magunia ya viazi alisimama, akanishikia usukani usidondokee tenki, akaangalia kazi ikiisha na akaondoka bila kukubali hata soda. Kona zilizobaki nilizipanda nikiwa nimeinama kidogo zaidi, na injini ikinitii.

Matamba nilifika saa kumi na moja jioni, vidole vimekufa ganzi. Gesti niliyoelekezwa ilikuwa imejaa wageni wa msiba. Mama mwenye duka la jirani akaniambia, "Mwanangu, hapa huwezi kulala nje, utaganda." Akanipa chumba cha kijana wake aliyeko chuoni, akaleta jiko la mkaa mlangoni na sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi. Asubuhi alikataa hela. Nilinunua dukani kwake sukari na sabuni ambazo sikuzihitaji, akaelewa, akacheka.

*Kwa atakayefuata:* ukinyanyua usukani, kabla hujatoka nyumbani washa injini, geuza kulia hadi mwisho, geuza kushoto hadi mwisho, usikilize. Angalia pia bomba la breki ya mbele na waya wa klachi. Ikibidi, pitisha nyaya njia fupi zaidi au weka nyaya ndefu.

Siku ya 3, Jumatatu Juni 16: Matamba – Kitulo – Makete

Umande ulikuwa umeganda mweupe kwenye kiti. Kitulo iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, haina maua mwezi huu. Maua ni ya masika, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Juni ni nyasi za rangi ya simba hadi upeo wa macho, na ukimya. Nilizima injini juu kabisa nikakaa robo saa. Sijawahi kuona mahali pa wazi kiasi kile katika nchi yangu.

Ukungu ulishuka ghafla. Nikawasha taa za ziada nilizozilipia 180,000, na mwanga wote ukanirudia machoni kama ukuta. Nikazizima nikaendelea na taa ya kawaida, ikiwa chini. Zilikuwa zimefungwa juu mno, usawa wa kioo. Kwenye ukungu taa inatakiwa ikae chini na imulike ardhini.

Njia ilikuwa imejikunja mawimbi madogo madogo yasiyoisha. Pikipiki ilitetemeka hivyo kwa saa mbili. Nikaanza kusikia mlio mpya nyuma kulia, kama kijiko kwenye kikombe. Niliposimama, fremu ya sanduku la kulia ilikuwa imekatika pale ilipochomelewa, juu kidogo ya bolti ya chini, na sanduku lilikuwa linaning'inia kwa bomba moja. Ndani yake nilikuwa nimeweka spana zote, tyubu, na lita mbili za oili. Nikafunga kwa kamba na mpira wa tyubu kuukuu, nikaenda kilomita 20 kwa saa hadi Makete.

Fundi wa kuchomelea nilimkuta anatengeneza geti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akachuchumaa, na kabla hajagusa mashine akasema: "Toa nyaya za betri kwanza. Pikipiki yako ina kompyuta, umeme wa kuchomelea utaiua." Hapo nikajua nimefika kwa mtu.

Kazi yake nataka niieleze, maana ndiyo niliyojifunza zaidi. Alipiga brashi ya waya hadi chuma kikang'aa. Akafuata ufa kwa ncha ya msumari mpaka akaupata mwisho wake, ulikuwa mrefu kuliko nilivyoona mimi. Hapo mwisho akatoboa tundu dogo. "Ufa ukikuta tundu unachoka," alisema. Akafungua bolti akaitoa fremu kabisa, akachomelea ndani na nje, kisha akakata kipande cha bati nene chenye umbo la pembetatu akakiweka kwenye kona ya bomba na kushikiza pande zote. Akaigeuza fremu ya kushoto, ambayo ilikuwa bado nzima, akaiwekea pembetatu kama ile bila mimi kuomba. Kisha akapima sanduku mkononi, akalishusha, akaniangalia. "Kijana, bomba halina kosa. Mzigo wako uko mbali na pikipiki, kila shimo unapiga nyundo hapa."

Alinitoza 12,000 kwa pande zote mbili. Nikampa 20,000, akarudisha 5,000 akasema inatosha.

Siku ya 4, Jumanne Juni 17: Makete – Njombe

Lami nzuri, milima ya kijani, kona za kufurahia. Nusu siku.

Njombe niliyafanya maneno ya mzee. Nilimwaga masanduku yote mawili kitandani gesti na kupanga mafungu: nilichotumia, nilichoogopa kukikosa, na nilichobeba kwa sababu sanduku lilikuwa na nafasi. Fungu la tatu lilikuwa kubwa kuliko mengine. Jiko la gesi nisilolipasha hata mara moja, kiti cha kukunja, viatu vya pili, oili lita mbili wakati oili ya pikipiki inauzwa kila mji. Masanduku matupu tu, bila kitu ndani, yalikuwa kilo tano kila moja kwenye mizani ya muuza parachichi pale sokoni. Aliyapima kwa furaha na watu wakakusanyika kutoa maoni.

Nikayafunga pamoja na fungu la tatu, nikayatuma Dar kwa basi, 25,000 kwa mzigo wote. Kwa mshona mahema nikanunua mabegi mawili ya turubai, 35,000 yote, akaniongezea mikanda na kuyashona mgongoni ili yalale kwenye fremu, karibu na kiti kadiri inavyowezekana. Spana nikazihamishia kwenye kimkoba juu ya bamba la injini, mbele na chini. Kwa jumla niliondoa kilo 24.

*Kwa atakayefuata:* Juni Njombe na Makete ni baridi ya kweli. Sweta mbili na gazeti kifuani chini ya koti. Kinga za mikono ndicho kitu nilichokifunga ambacho sikukijutia hata dakika moja.

Siku ya 5, Jumatano Juni 18: Njombe – Songea

Ilikuwa kama nimebadilishiwa pikipiki. Mteremko wa Lukumburu una kona kali na malori ya makaa ya mawe, na jana yake kwa mzigo ule ningeushuka kwa hofu. Usukani uliacha kuyumba kwenye upepo. Nilirudisha pia springi ya nyuma kwa kulegeza pete yake hatua mbili, maana sasa ilikuwa ngumu mno kwa uzito uliobaki, tairi lilikuwa linaruka badala ya kushika.

Madaba ugali, maharage na mboga, 3,000. Songea gesti 25,000.

Siku ya 6, Alhamisi Juni 19: Songea – Mbinga – Mbamba Bay

Baada ya Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo, kuna mashamba yaliyochimbwa mashimo mashimo kama sega la nyuki upande mzima wa mlima. Ndiyo ngoro, kilimo chao cha kuzuia mvua isichukue udongo. Kisha lami inashuka na kushuka, joto linapanda, unavua sweta moja, unavua la pili, na kona moja inakufungulia Ziwa Nyasa lote, na milima ya ng'ambo ikiwa bluu. Nilipiga kelele ndani ya helmeti.

Jioni samaki mbasa wa kuchoma na ugali, 8,000, miguu ikiwa mchangani.

Siku ya 7, Ijumaa Juni 20: Mbamba Bay – Liuli – Mbamba Bay

Nilitaka kuona Liuli tangu niko shule. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba uliokaa kama sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitoka ng'ambo ikaishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita vya dunia viliingia ziwani kwetu hapo, kwenye ghuba ambayo leo watoto wanaogelea na kina mama wanaanika dagaa.

Njia ni udongo na mapande ya mchanga. Ili tairi lielee nilishusha upepo. Mbele nilifanya sawa. Nyuma nilishusha hadi psi 15, na kwa tairi la tyubu hiyo ni kidogo mno. Tairi likianza kuteleza juu ya rimu linakokota tyubu, na valvu inabaki pale ilipo. Kilomita chache kabla ya Liuli nyuma kukalegea. Tyubu ilikuwa imechanika shingoni mwa valvu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Tyubu ya akiba ya nyuma ilikuwa kwenye fungu la tatu, ndani ya basi, imeshafika Ubungo.

Vijana wawili wa bodaboda walisimama. Mmoja alitazama rimu, akasoma namba ya tairi. "Kaka, hii si 17? Na sisi ni 17." Akawasha pikipiki yake akaenda kijijini. Aliyebaki alinifundisha kuliachanisha tairi na rimu kwa stendi ya pembeni: lilaze gurudumu chini, simamisha pikipiki nyingine ili stendi yake ikae juu ya ukingo wa mpira, kisha uiegemeze taratibu. Liliachia kwa mlio mmoja. Mwenzake alirudi na tyubu ya bodaboda ya 7,000, nyembamba, ya tairi dogo. Tukaipuliza kidogo kwanza ili isijikunje, tukapaka ukingo wa mpira maji ya sabuni, tukaingiza tairi kwa vyuma vifupi tukianzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu, huku tukiisukuma valvu ndani isibanwe.

Wakati tunapiga pampu, kila mmoja alijaza kwa zamu, mia mia. Nilipouliza deni wakasema tyubu tu. Nikawajazia mafuta wote wawili, lita mbili mbili, kwa bei ya chupa ya kijijini ambayo ni kubwa kuliko ya kituo. Mwamba nikauona jua likiwa limeegama, na kweli unafanana na kitu kilicholala kikilinda ziwa.

*Kwa atakayefuata:* mchangani usishuke chini ya 20 nyuma kama tairi ni la tyubu, na mara urudipo kwenye barabara ngumu jaza tena. Tyubu ya bodaboda ya 17 inaingia kwenye tairi kubwa kwa dharura, ila imevutika, haitaki mwendo wala joto. Nenda nayo polepole hadi upate ya saizi yake.

Siku ya 8 na ya 9, Juni 21 na 22: Mbamba Bay – Songea – Tunduru – Lindi

Nilirudi Songea kwa 50 kwa saa, nikilitazama tairi la nyuma kila baada ya nusu saa. Duka la tatu nililoingia lilikuwa na tyubu ya saizi yangu, nikachukua mbili kwa 18,000 kila moja. Tunduru nililala saa tatu usiku, nimechoka. Kutoka hapo hadi Masasi ni lami tupu, mikorosho, na vituo vya mafuta vilivyoachana mbali, kwa hiyo jaza Tunduru. Masasi majabali makubwa yanasimama katikati ya mji, nikanywa dafu mbili chini ya moja. Lindi jioni, pweza wa kukaanga kando ya bahari.

Lindi niligundua cheni imelegea vidole vitatu. Sproketi ndogo ya mbele inaikunja cheni zaidi, nayo inachakaa mapema. Nilikaza, nikapaka oili nene.

Siku ya 10, Jumatatu Juni 23: Lindi – Dar

Eneo la Somanga, lililokatwa na mafuriko ya 2024, tulipitishwa kando ya ujenzi kwa vumbi na subira ya nusu saa. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mita 970, nililivuka jua la mchana na nyuma yangu basi likipiga honi ya kunisalimu. Mbagala foleni, kama kawaida.

Jumla kilomita 2,690. Mafuta lita 94, karibu shilingi 3,000 kwa lita, yaani kama 280,000. Kulala, kula, fundi, mabegi na tyubu vilifikisha safari yote 790,000.

Jumamosi iliyofuata nilifungua gereji ya nyumbani. Vyuma vya usukani nimempa jirani ambaye nyaya zake ni ndefu. Taa nimezishusha hadi usawa wa injini na kubakiza moja. Masanduku yako ukutani, moja lina chupa za rangi. Fremu zimebaki. Nimezipaka rangi upya mabomba yote, isipokuwa zile pembetatu mbili za Makete. Hizo nimezipaka oili tu, ili nione chuma kama kitaanza ufa. Hadi leo hakijaanza.